Unataka mashine ya mkate ya nyumbani? Soma hii kabla hujatoa hela

Haya, tuliongelee hili mara moja maana maswali ni yaleyale kila siku: nichukue ipi, inakula umeme sana?, ile ya programu 25 si ndo bora?, kuna ya mtumba nimeiona bei poa nichukue au niache? Nitakupeleka hatua kwa hatua, ila msimamo wangu nautoa mapema: kwa mazingira yetu, umeme wa kukatika, joto, na spea za kutafuta kwa tochi, wingi wa programu ni kitu cha mwisho kabisa kuangalia. Cha kwanza ni mashine inafanyaje umeme ukikatika, cha pili sufuria yake ya ndani na kisu cha kukandia, cha tatu saizi. Ukipatia hivyo, hata mashine ya vibonye vitano itakulisha miaka.

Kwa ambaye hajawahi kuiona ikifanya kazi: ni boksi lenye sufuria ndani, chini ya sufuria kuna kisu kidogo kinachozunguka. Unaweka maji, mafuta, unga, chumvi, sukari, hamira, unafunga mfuniko, inakanda, inaumua, inaoka humohumo. Masaa matatu mpaka manne mkate uko tayari na wewe ulikuwa unafua. Za majumbani zilianza kutoka Japani miaka ya 1980, kwa hiyo si kitu kipya, bei tu ndo ilikuwa inatukimbiza.

Uwe na hivi kabla hujaenda dukani

- Mizani ya kidijitali ya jikoni. Ya bei ndogo inatosha. Kama hela haitoshi vyote viwili, anza na mizani, mashine subiri. Kikombe cha unga mmoja anakishindilia mwingine anakijaza juujuu, na kwa mashine hiyo tofauti ndo mkate wa kuliwa na mkate wa kutupwa, maana hakuna mkono wa kusema "mh, unga huu mlaini, ongeza kidogo".
- Futi. Pima kaunta, na pima urefu kwenda juu mpaka kabati la juu, mfuniko unafungukia juu na mvuke unatoka kwa nguvu.
- Jibu la swali hili: nyumbani mnakula mkate kiasi gani kwa siku? Usikadirie kwa hamu ya wiki ya kwanza.
- Hamira ya instanti, ile ya punje ndogondogo. Zile za punje kubwa za kuloweka kwanza zinatumika ila zitakuchanganya mwanzoni.
- Unga wa ngano wa kawaida, usiwe ule uliochanganywa beking pauda tayari. Geuza pakiti usome protini, ukiona gramu 11 kwa kila gramu 100 au zaidi, huo ni wa mkate. Ukiona 9 au chini, huo wa keki. Pakiti nyingi za kwetu, iwe Azam, iwe Ajab au Exe kwa wa Kenya, zina aina zaidi ya moja, kwa hiyo soma pakiti, usiangalie jina tu.

Kuhusu umeme tulimalize hapahapa: mashine nyingi ni wati 450 mpaka 850, ila hizo wati zote zinavutwa wakati wa kuoka tu, kama lisaa limoja hivi, na hata hapo hita inawaka na kuzima. Muda mwingine wote ni mota ndogo tu au imekaa kimya inaumua. Mkate mmoja unakula kama nusu yuniti, mara nyingi chini ya hapo. Zidisha na bei ya yuniti yako ya LUKU au tokeni upate jibu lako. Oveni ya umeme inakula zaidi kwa mkate huohuo.

Hatua 1: Amua utapika nini hasa

Kama unachotaka ni silesi za asubuhi za watoto, unahitaji mashine inayooka vizuri. Kama nyumba yenu ni ya maandazi, skonzi, mahamri, piza, mkate wa boflo wa kuchoma mwenyewe kwenye oveni, basi unachonunua hasa ni mkandaji, na programu utakayotumia kila siku ni ile ya unga tu: inakanda, inaumua, inakupigia kengele, unatoa donge unakata unakaanga. Watu wengi wananunua kwa ajili ya mkate na baada ya miezi wanajikuta wanaitumia zaidi kwa maandazi, na hakuna ubaya, ila ungejua mapema usingelipia zaidi kwa ajili ya rangi tatu za ganda.

Chapati pia inakanda, ila usiiachie imalize programu. Dakika 15 mpaka 20 za kukanda zinatosha, zima, toa, acha unga upumzike nje.

Mkate wa kumimina sahau. Ule ni uji mzito, si donge, mashine haina kazi nao.

Hatua 2: Chagua saizi

Utakutana na paundi 1, paundi 1.5 na paundi 2. Kwa lugha ya kwetu: ya kwanza inatumia unga gramu 300 hivi, ya pili gramu 400, ya tatu gramu 500. Pakiti ya kilo 2 kwa saizi ya kati inakupa mikate mitano.

Mtu mmoja au wawili, paundi 1.5 inatosha kabisa. Familia ya watu wanne kwenda juu, chukua ya paundi 2, kwa sababu kubwa inaweza kuoka mdogo lakini ndogo haiwezi kuoka mkubwa, ukilazimisha unga unapanda unagusa mfuniko unamwagikia kwenye hita na moshi wake utauzoea wiki nzima. Ila usitegemee kwamba kubwa ikioka mkate mdogo sana itatoa umbo zuri, unatoka mfupi mpana.

Kuhusu umbo: kuna sufuria zilizosimama, mkate unatoka mrefu kwenda juu na shimo moja chini, na kuna zilizolala, zinatoa umbo kama mkate wa dukani, hizi mara nyingi zina visu viwili. Zilizolala zinakanda vizuri ila baadhi haziivishi juu sawasawa, ganda la juu linabaki jeupe. Zojirushi wao waliweka hita nyingine kwenye mfuniko kwenye modeli zao kubwa ili kutatua hilo, lakini hizo zinazouzwa Marekani ni za volti 120, na hapo ndo tunaingia kwenye hatua ambayo nakuomba usiiruke.

Hatua 3: Umeme, umeme, umeme

Geuza mashine, soma kibandiko cha chini au cha nyuma. Unatafuta vitu vitatu.

Volti. Iandikwe 220 mpaka 240. Ikiwa 120 ni ya Marekani, ikiwa 100 ni ya Japani, na za Japani zipo nyingi kwenye mitumba, nzuri, safi, zinavutia, bei ya kutupwa. Ukiichomeka kwenye soketi yetu moja kwa moja inakufa hapohapo. Utaambiwa "nunua stepdauni tu bosi", yaani transfoma ya kushusha volti. Sawa, ila stepdauni ya kubeba wati 600 kwa lisaa limoja bila kuchemka ni lazima iwe ya wati 1000 hivi, ni nzito, inakula nafasi na inakula hela, ukijumlisha unakuta ungechukua mpya ya volti 230. Isitoshe haibadilishi hezi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde), na mashine ya hezi 60 ikikutana na hezi 50 za kwetu mota inaweza kuzunguka taratibu au kuchemka.

Plagi. Za kutoka Uingereza na Dubai zina pini tatu za bapa kama zetu, unachomeka unatumia. Za Ulaya bara zina pini mbili za duara, volti ni sawa, fundi akubadilishie plagi, na umwambie kabisa waya wa athi aufunge, asiukate. Usitumie adapta zile nyepesi za kuchajia simu.

Kumbukumbu ya kukatika umeme. Hii ndo ya kuuliza kuliko zote na wauzaji wengi hawaijui, kwa hiyo omba kitabu ufungue mwenyewe. Mashine nzuri zinakumbuka zilipoishia kama umeme umekatika dakika 10 hivi, nyingine chini ya hapo, nyingine hazina kabisa, umeme ukirudi zinaanza upya au zinakuangalia tu. Kama mtaani kwenu umeme unakatika na kurudi sekunde kadhaa, isiyo na kumbukumbu usiichukue hata ikiwa nusu bei.

Pamoja na hilo, hakikisha ina programu ya kuoka peke yake. Umeme ukikata katikati na kurudi baada ya lisaa, donge limeshaumuka, hutaki ikande tena, unataka ioke tu. Isiyo na hiyo programu itakubidi utoe unga uende kwenye sufuria, moto juu moto chini, mkaa.

Mengine madogo: chomeka kupitia ile friji gadi, kadi ya ndani ndo inayokufa umeme ukija mkubwa. Usichomeke kwenye ekstensheni moja na birika la umeme. Wenye inveta ya sola, hakikisha ni ya wimbi safi (imeandikwa pure sine wave), zile za bei rahisi mota inanguruma.

Hatua 4: Kagua sufuria na kisu

Omba kutoa sufuria nje. Ishike, ipime uzito kwa mkono. Nyepesi kama kopo itaoka bila usawa, upande mmoja mweusi. Ndani kuna rangi ya kutoshika, ipitishe kidole, isiwe na mikwaruzo wala mabaka. Zipo za chuma cha pua bila rangi, zinadumu ila mkate unang'ang'ania, utahitaji kupaka mafuta.

Sasa geuza sufuria chini. Utaona kama kipepeo cha chuma, zungusha kwa vidole. Kinatakiwa kizunguke kwa uzito kidogo, bila kukwaruza na bila kucheza kushoto kulia. Kikicheza, mpira wa ndani umekwisha, na ikishafika hapo maji yatavuja kila unapoweka. Kwa mpya ni dakika moja, kwa mtumba hapa ndo pa kumaliza biashara au kuondoka.

Halafu kisu chenyewe. Kivae na kivue. Ni kidogo, kinapotea kirahisi, mtu anatupa na mkate uliobaki, na bila hicho mashine yote ni pambo. Kwa hiyo muulize muuzaji: kisu na sufuria vinapatikana peke yake? Majina makubwa kama Panasonic, Kenwood, Moulinex, Tefal, Morphy Richards, Russell Hobbs, ukiandika namba ya modeli mtandaoni unapata kisu na mkanda wa mota, hata kama ni vya kuagiza. Boksi lenye jina ambalo halipo popote duniani isipokuwa kwenye boksi hilo, likifa ndo limekufa.

Hatua 5: Programu, fupi tu

Unazohitaji: mkate wa kawaida, mkate wa unga usiokobolewa, unga tu, kuoka tu, na kama ipo ya kujipangia muda mwenyewe ni raha. Za jemu, mtindi, keki, mchele wa kuchacha, hizo ni mapambo ya boksi.

Taima ya kuchelewesha ni tamu kwa maelezo, unapanga usiku unaamka mkate uko tayari. Kwa Dar, Mombasa, Zanzibar, kuwa makini. Jiko la usiku lina nyuzi 28 na unga uliolowa masaa nane unachacha kabla haujakandwa. Ukitaka kuitumia, maji ya baridi ya friji chini, unga juu yake, hamira juu kabisa kwenye shimo kavu isiguse maji wala chumvi. Na usiweke maziwa mabichi wala mayai kwenye taima, kamwe. Maziwa ya unga yanafaa.

Hatua 6: Ijaribu kabla hujalipa

Ya mpya ichomekwe dukani uione inawaka, andikisha waranti kwenye risiti, uliza mwisho wa kurudisha ni lini.

Ya mtumba fanya hivi:

1. Mimina maji kikombe kimoja kwenye sufuria, iweke juu ya tishu kavu dakika 10. Tishu ikilowa, achana nayo.
2. Chomeka, chagua programu ya haraka, washa. Sikiliza. Kunguruma kwa mkato mkato mwanzoni ni kawaida, inachanganya taratibu kwanza. Harufu ya mpira kuungua au kisu kusimama huku mota inalia, mkanda umechoka.
3. Usichague mkate wa kawaida kwa jaribio. Mashine kadhaa, Panasonic hasa, zinaanza kwa kukaa kimya nusu saa au zaidi zikisawazisha joto, na watu wanazirudisha dukani wakidhani ni mbovu kumbe zinapumzika.
4. Washa kuoka tu dakika 5, weka kiganja juu ndani bila kugusa. Usiposikia joto, hita imekufa.

Muuzaji akikukataza kujaribu kwa sababu "ni gredi A hiyo dada, toka Uingereza", mwachie gredi A yake.

Hatua 7: Mkate wa kwanza uoke mapema

Usiweke mashine kabatini ukisubiri wikiendi nzuri, oka ndani ya muda wa kurudisha. Osha sufuria, iwashe tupu kwenye kuoka dakika 10 madirisha wazi, harufu ya kiwandani iishe. Kisha, kwa saizi ya paundi 1.5:

- maji ml 260 (ya baridi kama uko pwani)
- mafuta vijiko 2 vya chakula
- sukari kijiko 1 na nusu cha chakula
- chumvi kijiko 1 cha chai
- unga gramu 400
- hamira ya instanti kijiko 1 cha chai

Mpangilio ni huohuo, maji kwanza hamira mwisho, isipokuwa kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, maana kuna ambazo kavu inaanza. Baada ya dakika 8 za kukanda fungua mfuniko uangalie, ndiyo inaruhusiwa, mradi usifungue wakati wa kuumua na kuoka. Unataka donge moja laini linalozunguka na kunatanata kidogo tu kwa chini. Likiwa kama tope, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Likiwa limepasukapasuka na mota inalalamika, maji kijiko kimoja kimoja.

Kengele ikilia toa mkate palepale, ukiuacha humo mvuke unaulowesha. Uache kwenye waya lisaa ndo ukate. Na usitumie kisu cha chuma wala uma kuuchokoa kwenye sufuria, mwiko wa mbao au plastiki.

Kosa kubwa kuliko yote la wanaoanza: kumwaga pakiti nzima ya hamira ya gramu 11. Hiyo ni zaidi ya vijiko vitatu vya chai, ya mikate mitatu hiyo.

Ikienda kombo

*Mkate umepanda halafu umezama katikati.* Hamira nyingi, au maji mengi, au joto la jiko. Punguza hamira robo kijiko, tumia maji ya friji. Walio juu, Nairobi, Mbeya, Njombe, unga unapanda haraka zaidi kwa sababu ya mwinuko, nao wapunguze hamira kidogo hata kama kuna baridi.

*Haujaumuka, umekuwa tofali.* Hamira imekufa. Ijaribu: maji vuguvugu nusu kikombe, sukari kijiko, hamira kijiko, isipotoa povu dakika 10 itupe. Ikitoa povu basi tatizo ni unga wa keki, au umesahau kuvisha kisu, hilo hutokea kuliko watu wanavyokiri.

*Unga mkavu kwenye kona za sufuria.* Sufuria zilizolala ndo tabia yao. Dakika 5 za mwanzo pitisha mwiko laini kwenye kona.

*Kisu kinabaki ndani ya mkate.* Kawaida. Subiri upoe, kivute kwa kijiti. Ukitaka shimo liwe dogo, kitoe kabla ya kuumua kwa mwisho, mikono iwe na unga.

*Mashine inatembea kwenye kaunta.* Unga ni mgumu sana au umezidisha kipimo. Weka mkeka wa mpira chini, isogeze mbali na ukingo.

*Umeme umekata na kumbukumbu imepita.* Kama ilikuwa inakanda, anza upya bila kuongeza chochote. Kama ilikuwa inaumua, acha mfuniko umefungwa, donge likifika mara mbili yake na umeme upo, kuoka tu dakika 50 hivi, umeme haupo, washa mkaa. Kama ilikuwa inaoka na imepita nusu, rudisha kwenye kuoka tu ukiangalia kila dakika 10.

*Inaandika HHH na kupiga kelele.* Kwenye mashine nyingi za bei ya kati maana yake ndani kuna joto sana, mara nyingi umetoka kuoka mkate mmoja ukaunganisha wa pili. Zima, toa sufuria, acha mfuniko wazi dakika 20. Ikiandika EEE hata ikiwa ya baridi, hiyo ni sensa, peleka kwa fundi wa mikrowevu, ndo anayezielewa kadi hizi.